Nilimshusha msomi wa Ujerumani kwa herufi moja: yaliyonikuta Njombe na Makambako

Wakuu, kamwene.

Humu mimi ni msomaji wa siku nyingi, nacheka na kupita. Leo naandika kwa sababu kuna uzi wa juzi watu wanabishana kama digrii ya Ulaya ya miaka mitatu ni digrii kweli. Nimesoma michango yote, nikakaa nayo siku mbili, usingizi haukuwa mzuri.

Nina la kusema. Nitalisema lote, hata sehemu zinazoniaibisha. Majina nimebadilisha na kampuni siitaji. Mengine ni kama yalivyokuwa.

Mimi ni mstaafu. Kwetu ni Ludewa, lakini maisha yangu yote ya kazi yalikuwa Njombe mjini, enzi hizo Njombe bado wilaya tu ndani ya Mkoa wa Iringa. Nilikuwa karani wa utumishi kwenye kampuni moja ya umma ya misitu na mbao. Elimu yangu kidato cha nne.

Kazi yangu ilikuwa mafaili. Mtu akiajiriwa, anapita kwangu kwanza. Namjazia fomu, nachukua nakala za vyeti, nafungua faili. Kuanzia hapo, yeye kwa kampuni ni kile kilichoandikwa kwenye lile faili. Wakati ule sikulifikiria hilo hata kidogo.

Mwishoni mwa miaka ya themanini akaja mtu, nitamwita Bwana Tweve. Mkinga wa Ipelele, kule Makete. Mrefu, mpole, kavaa koti zito la sufu ambalo kwa baridi ya Njombe lilimfaa sana. Alikuwa ametoka kusoma misitu Ujerumani, ule upande wa mashariki wakati bado ni nchi mbili. Miaka mitano darasani, na mwaka mmoja kabla ya hapo wa kujifunza lugha yao.

Akanipa cheti. Kijerumani kitupu. Nikatafuta neno ninalolijua, nikaliona: Diplom. Halafu kistari, halafu neno refu lisilosomeka.

Fomu yangu ilikuwa na viboksi vitatu. Cheti, Diploma, Digrii. Nikaelekeza kalamu kwenye cha katikati.

Akaniwahi kwa adabu kabisa. "Samahani kaka, hiyo si diploma. Kwao ndiyo digrii yenyewe. Unasoma miaka mitano mfululizo, unaandika tasnifu, unatoka na hiyo. Hawana ya katikati."

Nikamwambia, "Bwana Tweve, hapa imekosa 'a' tu mwishoni. Wajerumani wameisahau."

Ofisi nzima ikacheka. Yeye naye akatabasamu, kwa kuwa alikuwa mgeni na hakutaka kuanza kazi kwa ugomvi. Mimi nikatia tiki kwenye Diploma.

Wakuu, mtasema sikujua. Kweli sikujua. Lakini nimeahidi kusema lote. Kuna kitu ndani yangu kilifurahi. Kijana wa umri wangu, ametoka Ulaya na koti lake, na mimi karani wa kidato cha nne ndiye niliyekuwa na kalamu. Mtu aliniambia kwa mdomo wake kwamba nakosea, nikamjibu kwa utani ili watu wacheke. Huko si kutojua.

Aliajiriwa kama afisa misitu msaidizi.

Hakukaa kimya. Aliandika barua chuoni kwake mara mbili kuomba waeleze cheti chake ni cha ngazi gani. Bahati yake mbaya, nchi yenyewe ndiyo ilikuwa inavunjika wakati huo, zile mbili zinakuwa moja. Barua ya kwanza haikujibiwa. Ya pili ilirudi na muhuri wa posta, haikumfikia mtu. Alikuja nayo mezani kwangu akanionyesha, kisha akaenda zake.

Miaka miwili mitatu baadaye akaletwa bosi wake, kijana mwenye digrii ya hapa nyumbani. Mtu mzuri tu. Siku moja huyo bosi akaja ofisini kwangu, akasema, "Hebu niangalizie faili la Tweve. Huyu mtu amesoma kuliko mimi. Akiingia shambani anaona ugonjwa wa mti kabla mti wenyewe haujajua unaumwa."

Nikafungua faili. Nikamwambia, "Faili linasema diploma."

Nilisema kwa uhakika kabisa, wakuu, kana kwamba faili lilijiandika lenyewe.

Basi, ikaja miaka ya tisini. Wadogo zetu mnasoma ubinafsishaji kwenye vitabu. Sisi ulitukuta kazini. Kampuni ikatangazwa kuuzwa. Wakaja watu wa mwekezaji na kompyuta zao, wakaomba orodha ya wafanyakazi wote: jina, cheo, elimu. Wakasema nafasi za maafisa zitabaki kwa wenye digrii peke yake, wengine watapunguzwa.

Wakati huo yule bosi wake alishahamishwa, na Bwana Tweve ndiye alikuwa anakaimu uafisa misitu kamili. Kazi yote alikuwa anafanya yeye.

Orodha niliichapa mimi kwa taipureta. Nilipofika kwenye jina lake nilisimama kidogo. Si sana. Kidogo. Halafu nikachapa kilichoandikwa kwenye faili.

Akapunguzwa. Mimi nikabaki.

Siku ya kusaini kuondoka alikuja mezani kwangu, akasoma karatasi yake toka juu mpaka chini. Akasema, "Jina umeliandika vizuri. Wengi huwa wanalikosea." Akasaini, akanipa mkono, akatoka. Nilitamani angenitukana.

Akahamia Makambako na familia yake. Nikasikia amepata kibarua kwenye yadi ya mbao ya mfanyabiashara mmoja, Alhaji, mtu wa Kondoa aliyehamia pale zamani na malori yake. Mbao zilikuwa zinashuka kutoka Matembwe na kule Lupembe kote, Bwana Tweve anazipima na kuzipanga kwa daraja. Mtu aliyeandika tasnifu ya misitu kwa Kijerumani, na futi kamba mkononi.

Kila nilipokuwa na safari ya kupita Makambako nilishuka upande wa pili wa barabara ili nisipite karibu na ile yadi. Nilifanya hivyo kwa miaka.

Sasa tuje kwa binti yangu.

Upendo alimaliza kidato cha sita, akapata nafasi ya kujitolea Ujerumani mwaka mmoja kupitia mpango wa kanisa. Mwaka ulipoisha akaomba chuo kikuu huko huko, akapata. Mimi na mama yake tulifurahi mpaka tukaogopa. Tukawa tunaandikiana kwa imeli. Nilikuwa naenda intaneti kafe pale Njombe mjini kila Jumamosi, kijana wa pale ananifungulia, nasoma.

Jumamosi moja akaandika imeli ndefu. Naiweka kama ninavyoikumbuka:

"Baba, sisi ndio kundi la kwanza la kitu kipya hapa chuoni. Zamani mtu alisoma miaka mitano moja kwa moja akatoka na kitu wanaita Diplom. Waliotutangulia mwaka mmoja tu bado wako kwenye hiyo. Sisi tumekatiwa vipande viwili, miaka mitatu digrii ya kwanza, halafu ukitaka miaka miwili ya masta. Nchi nyingi za Ulaya zilikubaliana Bologna, mji wa Italia, kwamba digrii zao zisomeke kwa namna moja, ili mtu wa Ureno akipeleka cheti Finland wasianze kubishana. Na kila cheti kitaambatana na karatasi ya kumweleza mgeni asiyejua mfumo wao kwamba hiki ni cha ngazi gani. Maprofesa wengine wamekasirika, wanasema Diplom yao ilikuwa bora. Ila mimi naona afadhali, kila mtu ataelewa."

Nililiona lile neno kwenye kioo cha kompyuta. Bila 'a'.

Nikamjibu hapo hapo: waliomaliza hiyo ya zamani, hata miaka ya themanini, hata upande wa mashariki, wanahesabiwa vipi?

Jumamosi iliyofuata nikakuta jibu fupi. "Baba, nimemuuliza mwalimu wangu. Kama ni ya chuo kikuu inahesabiwa sawa na masta. Kwani nani anauliza?"

Masta, wakuu. Hata kile kiboksi cha Digrii nilichomnyima kilikuwa kidogo kwake.

Yule kijana wa kafe akaniuliza, "Mzee, umepata msiba?" Nikamwambia hapana.

Nyumbani nikamweleza mke wangu kila kitu. Alikuwa anamenya viazi, akaacha. Akaniuliza, "Yeye anajua?"

"Alijua tangu siku ya kwanza. Mimi ndiye sikujua."

"Basi nenda kamwambie."

"Nitamwambia nini, Mama Upendo?"

"Hayo hayo uliyoniambia mimi."

Ilinichukua wiki tatu. Kila siku nilikuwa na udhuru. Mwishowe mke wangu akanipigia pasi shati, akaliweka kitandani, akatoka nje. Nikaelewa.

Makambako nikashuka upande wenye yadi. Bwana Tweve alikuwa ameinama kwenye rundo la mbao, mvi zimemjaa, miwani imefungwa kwa uzi. Alhaji alikuwa kivulini kwenye kiti na kofia yake, anakunywa kahawa. Nikasalimia. Bwana Tweve akaitikia vizuri tu, akaendelea kupima.

Nikaanza kueleza. Binti yangu, Ujerumani, Bologna, digrii kukatwa mara mbili. Akawa anapima huku nazungumza. Nilipofika mwisho akasimama.

"Rudia."

Nikarudia.

"Sawa na nini?"

"Masta."

Akaweka futi kamba chini polepole. "Mimi nilikuambia kwa mdomo wangu, uso kwa uso, hukusikia. Mtoto wako amekuambia kwa kompyuta, umesikia."

Nikasema, "Ndiyo. Ni kweli. Nimekuja kuomba radhi, na kuona kama cheti kinaweza kufanyiwa kazi."

"Nenda, Baba Upendo. Nenda kabla sijasema neno ambalo mke wangu hatalipenda."

Nikaondoka. Nilikuwa nimefika barabarani nikasikia mtu nyuma yangu. Alikuwa Alhaji, kanifuata na kanzu yake kwenye lile vumbi. Akasema, "Bwana, mimi masta sijui, digrii sijui. Ninachojua tangu huyu mtu aje kwangu sijauza mbao mbovu. Akikwambia mti huu ulikatwa mbichi, basi ulikatwa mbichi. Nikimkosa yadi yangu itayumba. Lakini hapa si mahali pake, na mimi nalijua hilo tangu wiki ya kwanza. Kama karatasi yake inatengenezeka, tengeneza. Hata kama hataki kukuona."

Nilirudi Njombe sina raha, ila yale maneno yalinishika.

Siku kumi baadaye mlango ukagongwa. Mke wa Bwana Tweve, Mama Tumaini. Ametoka Makambako na bahasha aliyoizungushia kanga. Cheti chenyewe.

Mke wangu akamkaribisha chai. Akakaa, akaniambia, "Yeye hajui nimekuja. Au anajua, anajifanya hajui. Asubuhi nimekuta bahasha iko juu ya meza, na siku zote inakaa ndani ya sanduku."

Tukatoa nakala, zikapigwa muhuri kwa wakili, tukazituma kwa Upendo. Yule mtoto, Mungu ambariki, alipanda treni hadi mji alikosoma Bwana Tweve. Chuo kilishabadilika, idara zimehamishwa, walimu wa zamani hawapo. Akazungushwa ofisi hadi ofisi. Mwisho akapelekwa chini kwenye kumbukumbu, akamkuta mama mmoja mtu mzima anayekaribia kustaafu. Yule mama akafungua daftari kubwa, akapitisha kidole. Jina lilikuwepo. Limeandikwa sawasawa. Na mada ya tasnifu, na alama zake. Zilikuwa za juu.

Barua ikatoka, Kijerumani na Kiingereza, inaeleza cheti kile kilikuwa nini na leo kinalingana na nini.

Kilichobaki ni kuomba kutambuliwa kwenye ofisi ya Dar inayohusika na vyeti vya nje. Hapo ilibidi mwenyewe asaini. Akaja Njombe. Tulikaa meza moja kutwa nzima, mimi najaza, yeye anasoma. Nilikuwa namuuliza kila neno kabla ya kuliandika. Hakunisemesha chochote nje ya fomu. Mke wangu alileta chakula, akakila, akamshukuru yeye, akaondoka.

Miezi ikapita. Jibu likaja. Cheti kimetambuliwa kama kilivyo, ngazi ya shahada ya uzamili.

Wakati huo vyuo vya binafsi vilikuwa vinafunguliwa sana na walimu hawatoshi. Chuo kimoja kilitaka mwalimu wa misitu mwenye masta. Aliomba, akaitwa kwenye usaili. Waliokuwepo wanasema aliulizwa swali moja kuhusu magonjwa ya misonobari, akajibu dakika arobaini, hakuna aliyemkatisha. Akaajiriwa. Kwa mara ya kwanza tangu arudi kutoka Ulaya akaitwa kwa cheo chake, naye karibu anafika miaka hamsini.

Msidhani hapo mambo yakawa sawa. Ile miaka haikurudi. Watoto wake walikua wakimjua baba mpima mbao. Tumaini, mkubwa wao, alikuwa ameshaacha shule, anauza viazi stendi ya Makambako. Mama yake alinisimulia kwamba siku baba yao alipowaambia kuhusu chuo, Tumaini alisema, "Baba, mbona hukutuambia?" Akamjibu, "Niliwaambia watu wakacheka. Sikutaka na ninyi mcheke."

Hiyo sentensi sijui niiweke wapi moyoni. Mpaka leo.

Upendo aliporudi na digrii yake tulifanya hafla ndogo nyumbani. Majirani, ndugu kutoka Ludewa, wali, nyama, soda, na wazee wachache na pombe yao ya ulanzi nyuma ya nyumba. Nilituma mwaliko kwa Bwana Tweve bila matumaini. Alikuja, na mkewe, wakakaa viti vya mwisho kabisa karibu na lango.

Ukafika muda wa maneno. Shemeji yangu mmoja, mwenye mdomo, akasimama akauliza mbele za watu, "Lakini hii digrii miaka mitatu tu? Wenzake hapa wa uinjinia wanakaa minne. Isije ikawa ni diploma hii."

Watu wakacheka. Mimi sikuweza kuinua uso. Upendo akabaki kasimama na ua lake mkononi.

Bwana Tweve akainuka kule nyuma. Hakusubiri kupewa nafasi. Akaeleza pale, taratibu, kama mwalimu, jinsi Ulaya walivyoipasua ile safari ndefu ya zamani, kipande cha kwanza miaka mitatu na cha pili miaka miwili, na kwamba huyu binti amekamilisha kipande kizima, hadaiwi kitu na mtu. Akasema, "Anayetaka kujua, aulize. Asicheke kwanza."

Kisha akamgeukia Upendo, akamwambia jambo kwa Kijerumani. Upendo akamjibu. Wakaendelea hivyo kama dakika mbili, sisi wote hatuelewi hata neno. Ndipo nikaona Mama Tumaini analia. Baadaye aliniambia katika miaka yote ya ndoa yao hakuwahi kumsikia mumewe akizungumza lugha ile.

Shemeji akakaa.

Bwana Tweve hakurudi kwenye kiti chake. Akapita katikati ya watu mpaka benchi nililokaa mimi. Akasimama mbele yangu. Akasema, si kwa sauti kubwa, lakini waliokuwa karibu walisikia:

"Nimekuchukia miaka mingi, Baba Upendo. Nimechoka. Sogea nikae."

Nikasogea.

Wakuu, nilichojifunza ni kidogo na nimekilipia kwa maisha ya mtu mwingine. Cheti usichokielewa, andika kwamba hukielewi, halafu ulizia. Usikilazimishe kwenye kiboksi ulichonacho kwa sababu neno limefanana. Mawaziri wa nchi tajiri walikaa kule Bologna wakakiri kwamba hawaelewani vyeti vyao wenyewe, wakaamua kila cheti kiambatane na maelezo. Mimi karani wa Njombe nilikuwa na mwenye maelezo amesimama mbele yangu, amevaa koti, ananiita kaka, nikamfanyia utani.

Kwa hiyo mnaobishana kuhusu miaka mitatu, punguzeni kidogo. Upande wa pili wa ubishi wenu kuna mtu na familia yake.

Samahani kwa urefu. Sasa nawasikiliza ninyi. Mliosoma Urusi, Cuba, Bulgaria, India, Ujerumani ile ya zamani na hii ya sasa, karatasi zenu zilisomwaje mlipofika nyumbani? Na makarani wenzangu mliomo humu, najua mpo, nanyi semeni. Mimi nimeshaanza.